Mashini Iliyolala Miaka Ishirini

Wengi wenu mkisikia jina la Shinkolobwe mnakumbuka neno moja tu, urani. Ni haki yenu. Mwingereza Robert Rich Sharp aliyaona mawe yale hapa kwetu mwaka 1915, na mwaka 1945 bomu lililoangushwa Hiroshima lilikuwa na urani ya Shinkolobwe ndani yake. Lakini leo sitaki kuandika habari za bomu. Nataka kuandika habari za mashini ya gari la moshi, ile ya dizeli, iliyolala majanini kwa miaka mingi, na jinsi mzee mmoja wa Likasi alivyoiamsha. Nami nina deni katika habari hiyo, kama mtakavyoona.

Hata hivyo mambo haya mawili yana undugu. Mawe yale hayakuruka angani kwenda Marekani. Yalipakiwa katika mabehewa, yakaenda kwa reli mpaka Ilebo, yakashushwa katika mashua za mtoni mpaka Kinshasa, kisha reli tena mpaka bandari ya Matadi. Sisi watu wa Katanga tumezaliwa kando ya reli. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na mwaka 1952 njia ya kutoka Likasi, iliyoitwa Jadotville siku zile, mpaka Tenke ilitiwa umeme.  Umeme wenyewe ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira, kule Mwadingusha na Koni.

Basi, mtaniuliza: kama waya wa umeme upo juu, dizeli ya nini? Ni kwa sababu waya haufiki kila mahali. Njia za shirika letu la reli ni kilomita 3,641, na zenye waya ni 858 tu. Tena katika viwanda na maghala kuna vijinjia vya kupangia mabehewa ambavyo havijapata waya tangu vijengwe. Huko kazi ni ya dizeli.

Mashini ninayosema ilikuwa ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa fupi, yenye chumba cha dereva nyuma na injini mbele chini ya kifuniko kirefu. Ilisimamishwa mwaka 2001 kwa kukosa vipuri, ikasukumwa kwenye njia ya pembeni, ikaachwa. Majani yakapanda mpaka kwenye ngazi. Ndege wakajenga ndani ya bomba la moshi.

Mwaka 2023 wenye kampuni walimwita mzee mmoja aliyestaafu kazi ya karakana ya reli, wakamwuliza kama inaweza kufufuka. Mzee huyo ni wa jumuiya yetu, naye ananiita Mwalimu, ingawa mimi ni mtoto kwake. Macho yake hayaoni vizuri karibu, akataka mtu wa kumsomea vitabu vya mashini, ambavyo vimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Nilisoma seminari, sikufika upadre, lakini lugha zilibaki. Nikakubali. Sikumwambia kwamba mashini ile naijua.

Nilidhani siku ya kwanza tutatia mazuti na kuunganisha betri. Mzee alicheka. Alisema, “Mwalimu, mtu aliyelala njaa mwezi mzima, unampa bukari sahani nzima? Utamwua.” Wiki ya kwanza hatukugusa kitu cha kuwasha. Tulifyeka majani, tukatoa viota, tukafungua milango yote ya ubavuni ili upepo upite.

Hapa lazima nieleze kidogo namna injini ya dizeli inavyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa woga wa mzee. Injini ya esansi huwashwa kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda ndani ya silinda na kuubana upewa ule mpaka uwe wa moto sana, kupita digrii 500, ndipo mazuti hupulizwa ndani kama ukungu, yakawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeifanikisha injini hiyo mwaka 1897. Basi, upewa hubanika, maji hayabaniki. Kama katika miaka ile yote maji ya mvua yameingia kwa bomba la moshi na kukaa juu ya pistoni moja tu, nawe ukaiwasha kwa haraka, pistoni inapanda, inayakuta maji, hayana pa kwenda. Kitu lazima kivunjike, na kinachopinda kwanza ni mkono wa chuma unaoshika pistoni. Injini iliyostahimili miaka ishirini ya mvua inauawa kwa sekunde moja na mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo tulifungua koki ndogo za kila silinda, tukamimina mafuta mepesi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, tukangoja siku tatu. Kisha mzee akaingiza mtaimbo kwenye matundu ya gurudumu zito la injini, tukasukuma. Haikusogea. Tukatia mafuta tena, tukangoja tena. Siku ya sita ilisogea kiasi cha upana wa kidole. Mzee hakusukuma zaidi. Aliirudisha nyuma, akaipeleka mbele, akairudisha, kama mtu anayengoa kigingi taratibu. Jioni ile ilizunguka mara moja nzima, na kutoka kwenye koki ya silinda ya nne yakatoka maji mekundu ya kutu, kama kikombe kimoja. Mzee alinitazama bila kusema neno. Nilielewa.

Mafuta ya injini nayo yalikuwa na habari yake. Tulipofungua kizibo cha chini, kilichotoka kwanza kilikuwa maji, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Mzee aliyatazama mafuta yaliyofuata kama hayajawa meupe kama maziwa. Yangekuwa hivyo, maana yake maji ya kupoza yamepenya ndani. Hayakuwa. Tangi la mazuti lilikuwa baya zaidi: chini kulikuwa na ute mweusi unaonuka. Nilidhani ni uchafu tu, kumbe ni vijidudu vinavyoishi pale maji na mazuti yanapokutana. Tuliutoa kwa ndoo, tukasugua tangi, tukabadili vichujio vyote. Vipulizia mazuti vilitolewa kimoja kimoja na kujaribiwa kwa pampu ya mkono. Viwili vilitoa matone badala ya ukungu, vikakataliwa.

Tena kulikuwa na fimbo inayopima mazuti ya kuingia. Mzee aliisogeza mara nyingi sana mpaka ikateleza bila kukwama. Alinieleza kwamba ikikwama ikiwa wazi, injini ikishawaka hukimbia yenyewe, ikizidi na kuzidi mwendo mpaka ipasuke, na hakuna ufunguo wa kuizima. Ndiyo sababu siku ya kuwasha alimweka kijana na ubao mpana kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Injini isiyopata hewa hufa.

Sasa nije kwenye umeme, na kwenye deni langu.

Mashini ya dizeli ya namna hii haizungushi magurudumu kwa injini yenyewe. Injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huzungusha mota zilizo chini kwenye ekseli. Kati ya jenereta na mota hupita nyaya nene kama kidole gumba, za shaba tupu ndani. Mzee alipoingia chini ya mashini na taa alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, “Wamekata tano.”

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwanzoni mwa mwaka ule serikali iliufunga mgodi wa Shinkolobwe, ambako maelfu ya watu walikuwa wakichimba kobalti kwa mikono; mwezi wa saba udongo ukaanguka ukaua wachimbaji, kisha kijiji chao kikabomolewa. Baba yangu alikuwa akipata riziki pale. Ningeweza kuwaambia kwamba tulikuwa na njaa. Tulikuwa nayo, lakini si siku ile. Siku ile nilikwenda na rafiki yangu usiku, tukiwa na msumeno wa chuma, tukakata nyaya mbili, tukazichoma moto kuondoa mpira, tukauza shaba kwa mnunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu. Sehemu yangu nilinunua viatu. Viatu hivyo ndivyo nilivyovaa siku ya kuingia seminari.

Watoto ninawafundisha amri ya saba kila mwaka. Ninaifundisha vizuri, nadhani.

Jenereta ilikuwa imeshika unyevu. Mzee aliipima kwa kipima-umeme chake, sindano ikaonyesha kwamba umeme ungevuja kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye chuma. Ingewashwa hivyo ingeungua. Dawa yake ni joto la polepole. Tulifunika kwa turubai, tukaweka taa za balbu ndani, tukalinda usiku na mchana kwa siku nne, tukipima kila asubuhi. Usiku wa pili, tukiwa tumekaa mimi na yeye, nilimwambia. Sikupanga maneno. Nilisema, “Baba, zile nyaya, nilikata mimi.”

Aliuliza, “Ngapi?”

“Mbili.”

Akafikiri. “Basi tatu ni za mtu mwingine,” akasema. Halafu akaniuliza kama ile karatasi ya mafuta ya ekseli nimeimaliza kuisoma. Nilingoja aseme zaidi. Hakusema. Asubuhi yake alinipa kibanio cha kufungia vichwa vya nyaya, akanionyesha mara moja jinsi ya kukitumia, akanituma chini ya mashini. Nyaya tulizotia zilitoka kwenye mashini nyingine iliyokwisha kuharibika kabisa. Bei yake ilikatwa katika fedha alizolipwa mzee. Hilo nililijua baadaye kwa mwanawe.

Siku ya kuwasha watu walijaa, kama kwenye harusi. Betri za malori zilikuwa zimeunganishwa moja baada ya moja mpaka nguvu ikatosha. Katika mashini ile jenereta kubwa yenyewe hupewa umeme wa betri, ikageuka kuwa mota ya kuwashia. Mara ya kwanza mzee aliizungusha koki zote zikiwa wazi na mazuti yakiwa yamefungwa, ili iteme kilichobaki. Ikatema kutu na mafuta, wale waliokaribia mno wakaharibikiwa nguo. Mara ya pili koki zikafungwa, mazuti yakafunguliwa. Ikazunguka, ikakohoa, moshi mweupe, ikanyamaza. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne silinda mbili zilishika, kisha tatu, ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu, moshi mweupe ukawa wa kijivu. Wanawake wakapiga vigelegele. Baada ya dakika tano mzee akaizima.

Watu walikasirika! Lakini yeye alifungua milango ya chini, akaingiza mkono, akagusa beringi moja moja kuona kama kuna yenye moto kuliko nyenzake. Hakuna. Akaiwasha tena dakika kumi na tano, akaizima, akagusa tena.

Wenye kampuni walitaka ivute mabehewa kesho yake. Hapo mzee alikataa kabisa, na hapo nilimwona mkali kwa mara ya kwanza. Breki zilikuwa bado. Mipira ya kupitishia hewa ilikuwa imekauka na kupasuka, na kompresa ilikuwa haijajaza tangi. Wao walisema njia ni ya tambarare, mwendo ni wa mtu anayetembea. Yeye aliwataja watu wa Lubudi. Mwezi wa tatu mwaka 2022 treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka bondeni kule, wakafa zaidi ya 60. Sikusikia kwamba sababu zilifanana, wala yeye hakusema hivyo. Alisema tu kwamba kuifanya itembee ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuifanya isimame. Akaondoka na funguo mfukoni. Ikachukua wiki tatu nyingine mpaka mipira ikapatikana Lubumbashi.

Nasikia nchi nyingine nako wanaamsha vilivyolala. Tanzania walirudisha treni ya abiria Arusha mwaka 2020 baada ya miaka zaidi ya thelathini, na Kenya mwaka ule ule walirudisha ya Nanyuki. Sijui wazee wao wa karakana ni akina nani. Natamani mtu angewaandika. Huku kwetu wanaojua kusikiliza injini hizi kwa sikio wamebaki wachache, na vijana wawili tu ndio waliokaa na mzee mpaka mwisho.

Mashini inafanya kazi sasa, siku mbili au tatu kwa juma, ikipanga mabehewa. Mimi humpelekea mzee kiasi fulani kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya zile nyaya mbili. Mara ya kwanza alizirudisha fedha. Mara ya pili alizipokea, akazihesabu, akaandika katika daftari lake kiasi kilichobaki. Katika asubuhi za mwezi wa sita, baridi inapokuwa kali, naisikia kutoka barazani kwa rafiki yangu ninapolala Likasi: inakataa mara mbili, inakohoa, inanyamaza, kisha inashika.