Mboga za Mama

Mama yetu hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, huamka jogoo wa kwanza akiwika. Huchuma mchicha, hutwanga kisamvu na kukipika kwa karanga. Kisha hujifunga kanga yake safi, akashuka sokoni Morogoro na tenga la mboga kichwani. Sisi tuliosoma tulimwonea haya, tukamwambia, "Mama, vaa gauni, acha kuchuuza." Akajibu kwa upole, "Wanangu, ada zenu za shule zilitoka katika tenga hili." Tukanyamaza.

Kwa desturi ya Waluguru, ukoo na mashamba yake hufuata upande wa mama. Nasi tulikuwa tumesahau. Basi, wasomaji wapenzi, tusijivunie kalamu huku tukimdharau aliyeinunua.