Upande wa Pili wa Santuri

Kazi yangu ya kwanza kwenye disko ilikuwa kubeba masanduku. Mwaka ulikuwa 1985, niko kidato cha pili, na kaka yangu alikuwa anapiga disko Ijumaa na Jumamosi katika hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya Dar es Salaam. Masanduku yalikuwa ya mbao, yametengenezwa na fundi wa Keko, kila moja likiingia santuri sitini zilizosimamishwa wima. Tuliyapakia nyuma ya pikapu ya kukodi, nami nikakaa juu yake, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeikumbatia spika, mpaka tufike.

Msimu ulianza Desemba, shule zikishafungwa na kaskazi ikishaleta joto lake. Jumapili na sikukuu, mchana, kulikuwa na disko toto. Watoto walikuja wamevalishwa nguo za Idi au za Krismasi, wakanunuliwa soda, wakacheza mpaka jua linazama, kisha wakarudishwa nyumbani wamelala mabegani. Usiku ulikuwa wa wakubwa. Pale ufukweni hapakuwa na ukumbi wa kusema ukumbi: makuti juu, saruji chini, mpira mmoja wa vioo katikati, na bahari nyuma ya spika. Upepo ukigeuka, besi ilikwenda baharini na sisi tukabaki na sauti nyembamba. Kaka alizijua nyakati hizo. Alihamisha spika kabla watu hawajagundua.

Joto lilikuwa adui. Santuri ikisahauliwa ndani ya gari saa saba mchana ilijikunja kama chapati. Ndiyo maana kazi ya pili niliyopewa, baada ya kubeba, ilikuwa kukaa na masanduku kivulini na kitambaa kibichi, nisiondoke hata kwenda kununua mihogo. Nilikaa. Nilisoma majalada yote, mbele na nyuma, mpaka nikajua nani alipiga gitaa na nani alichanganya sauti. Kiingereza changu cha kwanza cha maana nilikipata nyuma ya majalada.

Vijana wa leo huwa wananiuliza, santuri hizo mlizipata wapi? Swali la haki kabisa. Bara hapakuwa na televisheni. Zanzibar ndiyo iliyokuwa nayo, tangu miaka ya 1970, na ya rangi. Redio ilikuwa moja, Redio Tanzania, na nyimbo za nje tulizitafuta kwenye idhaa yake ya Kiingereza. Duka la kuingia ukanunua santuri mpya ya Marekani halikuwepo. Santuri zililetwa na watu: mabaharia, wafanyakazi wa ndege, wanafunzi waliorudi likizo, na wazamiaji, wale vijana waliojificha kwenye meli bandarini wakaibukia Ugiriki. Mmoja wa mtaani kwetu alipofika huko hakutuma barua kwa miezi. Kitu cha kwanza kilichofika kwao kilikuwa bahasha ya kadibodi yenye santuri mbili na karatasi ya mistari mitatu. Mama yake hakuwa na cha kuzichezea. Alizileta kwetu, akaomba apigiwe hata kidogo, akakaa kwenye kochi akasikiliza wimbo wote wa Shalamar bila kusema neno. Kwake ilikuwa habari kwamba mwanawe yu hai.

Kaka alizipenda zaidi santuri kubwa zenye wimbo mmoja tu kila upande, zile za inchi kumi na mbili. Baadaye nilikuja kujua zilivyozaliwa. Katikati ya miaka ya 1970 huko New York, Tom Moulton alikuwa anarefusha nyimbo kwa ajili ya madisko, maana wimbo wa dakika tatu unakwisha watu ndiyo kwanza wanapata moto. Siku moja studio iliishiwa sahani ndogo za majaribio, fundi akaukata wimbo kwenye sahani kubwa. Mistari ya sahani ikapata nafasi ya kutanuka, na mistari ikitanuka, sauti hupanda na besi hushuka ilipotakiwa kushuka. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikaanza kuziuza santuri za namna hiyo kwa watu wote, ikianza na Ten Percent ya Double Exposure, aliyoichanganya upya Walter Gibbons. Dar es Salaam hatukuyajua majina hayo. Tulijua tu kwamba ile kubwa ikiwekwa, glasi mezani zinatetemeka.

Mashine za kaka zilikuwa mbili na hazikufanana. Moja ilikuwa Technics SL-1200, ambayo mota yake inazungusha sahani yenyewe bila mkanda, na pembeni ina kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia nane. Nyingine ilikuwa ya mkanda wa mpira, na mkanda ukipata joto ulilegea, wimbo ukachelewa. Kwa hiyo ile nzima ndiyo iliyomfuata mgonjwa. Juu ya sahani aliweka duara alilokata kwenye kanga kuukuu ya mama, limetiwa wanga na kupigwa pasi, ili santuri iteleze: sahani inazunguka chini, santuri imezuiwa juu kwa vidole viwili. Hedifoni ameibana kwa bega. Sikio moja linasikiliza wimbo ambao watu wanaucheza, jingine linasikiliza wimbo ambao watu bado hawajaupata. Anausukuma kidogo, anaurudisha, anatafuta ngoma iangukie juu ya ngoma. Zikikutana anaachia vidole. Kwa nusu dakika nyimbo mbili zinatembea pamoja, kisha ile ya kwanza anaitoa taratibu, besi ikitangulia, mpaka linabaki pigo moja la ngoma, nalo linapotea. Sindano ikichoka tuliiwekea sumni kichwani isiruke. Umeme ukikatika, watu waliendelea na wimbo kwa midomo na makofi mpaka jenereta iwake, na kaka alihesabu moyoni ili airudishe santuri pale walipofika wao.

Baba hakuutambua muziki huu. Yeye alikuwa mtu wa Sikinde, hakosi Mlimani Park inapopiga, na anajua jina la kila mpuliza tarumbeta. Ubishi wake haukuwa wa dini wala wa adabu. Aliuliza jambo moja tu, mezani, kila wiki:

"Muziki gani huo hauna mpigaji?"

Kaka alijibu kwa heshima, "Mpigaji yupo, baba." Hakuongeza kitu. Tulilelewa hivyo. Nami nilijua baba ana historia yake: Novemba 1969 muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, yeye alikuwa kijana wa mjini mwenye suruali ya bugaluu, na alizificha santuri zake za James Brown chini ya gunia la mchele. Hakuwahi kutuambia hivyo yeye, alituambia shangazi.

Usiku mmoja wa Desemba 1986 alikuja ufukweni kunichukua, maana tulikuwa na msiba na ilibidi niondoke alfajiri kwenda Tanga. Nilimwona amesimama nyuma ya meza ya mashine, kofia mkononi, na kaka hajamwona. Kaka alikuwa anatoka kwenye Last Night a DJ Saved My Life ya Indeep, anaingia Let the Music Play ya Shannon. Baba alitazama vidole. Alitazama muda mrefu kuliko alivyokusudia, nadhani, maana pikapu ilikuwa inamsubiri inanguruma. Ilipokwisha kuingia akamwinamia kaka sikioni. Kaka alishtuka, akasema, "Shikamoo baba." Baba akaitikia marahaba, kisha akauliza:

"Ule wimbo wa kwanza umeishia wapi?"

Kaka akacheka. Njiani kwenda Tanga baba hakuzungumzia disko, ila alipiga vidole kwenye dashibodi mpaka Chalinze. Tangu siku ile swali la mezani hatukulisikia tena.

Nyumbani, katikati ya wiki, kaka alitengeneza remiksi zake. Studio yake ilikuwa mashine moja, deki moja ya kaseti na kitufe cha pozi. Alirekodi pale katikati ya wimbo ambapo uimbaji unakoma na ngoma inabaki peke yake, sekunde nane hivi, akabonyeza pozi, akarudisha sindano mahali pale pale, akaachia tena. Mara ishirini. Kazi ya dakika tano ilimchukua usiku kucha, na akikosea kiungo kimoja alianza upya. Ukisikiliza kwa makini utasikia tik ndogo kila palipoungwa. Mimi niliziona tik zile kama mshono wa fundi kwenye shati: zinaonyesha kwamba limeshonwa na mtu.

Kisha kuna upande wa pili wa zile santuri kubwa. Mara nyingi uliwekwa wimbo ule ule bila mwimbaji. Ulikuwepo kwa ajili ya DJ, aurefushe anavyotaka. Kufikia mwaka 1989 na 1990, wakati Pump Up the Jam ya Technotronic inavunja sakafu zetu (aliyeimba, Ya Kid K, ni mzaliwa wa Kinshasa, ingawa kwenye jalada waliweka picha ya mwanamitindo), vijana walianza kumfuata kaka na ombi jipya. Hawakutaka wimbo. "Bro, tugeuzie," walisema. Aliigeuza santuri, akawapa maikrofoni, nao wakaanza kusema maneno juu ya mdundo mtupu. Mwanzoni ni Kiingereza cha kukariri. Halafu mmoja akatia mstari wa Kiswahili, kuhusu daladala na konda mkali, na ukumbi mzima ukapiga kelele ambayo hakuna wimbo wa nje uliowahi kuipata pale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, akaujaza Kiswahili, na nchi ikamsikia. Ice Ice Baby yenyewe nayo ilikuwa wimbo wa upande B; ulivuma baada ya DJ mmoja wa redio kule Georgia, Marekani, kuigeuza santuri. Na besi yake imetoka kwenye Under Pressure, wimbo wa mwaka 1981 wa Queen na David Bowie. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kila ninapoifikiria safari ya mdundo ule nafurahi upya.

Watu husimulia muziki wa kizazi kipya kana kwamba ulianzia redioni, zilipokuja stesheni binafsi kuanzia mwaka 1994. Redio zilifanya kazi kubwa, sibishi. Lakini hata Clouds ilikuwa disko kabla haijawa redio. Joseph Kusaga aliianzisha akiwa DJ. Muziki ule ulianzia ukumbini, kwenye upande usio na mwimbaji, mbele ya mtu aliyekubali kumpa kijana maikrofoni.

Kaka alifariki mwaka 2009. Santuri ziligawanywa, nyingine ziliharibika kwa unyevu. Mimi nina kaseti kumi na moja za TDK zenye mwandiko wake, na tik zake zote zimo. Huenda hata wewe unazo, kwenye sanduku chini ya kitanda cha mzee, miksi za disko la Mbowe, za YMCA, za Motel Agip, za disko lolote la mtaani kwenu. Usizitupe. Ukiona ukungu usizitie kwenye deki mara moja. Ziache kwanza zikauke kivulini, kisha umtafute kijana mwenye kompyuta azihamishe. Na juu ya kila moja uandike mahali, mwaka, na jina la aliyepiga.