Barua kutoka Minnesota: Kadi Mbele ya Gari

St. Paul, Minnesota



Majira ya joto katika jimbo hili ni mafupi, na hakuna anayekubali yampite bure. Kila Juni, kwa siku tatu, uwanja wa maonyesho wa jimbo, ulio kati ya Minneapolis na St. Paul, hujaa magari ya kale. Sharti la kuingiza gari ni kwamba liwe limetengenezwa mwaka 1964 au kabla ya hapo. Huja zaidi ya 10,000. Jumamosi nilikwenda na kijana wangu, tukashinda huko kutwa nzima, na tangu nirudi natamani mafundi wa kwetu wangekuwa nami.

Magari hayafungiwi ukumbini. Yameegeshwa kwenye nyasi, chini ya miti mikubwa, na mengine yanazunguka polepole katika vijia vya uwanja huku familia zimeketi kando na viti vyao vya kukunja, zikiyatazama yanavyopita. Unayasikia kabla hujayaona. Kuna yale wanayoyaita hotirodi: madigadi yameng'olewa, boneti limetolewa, na mahali pa injini ya awali pamewekwa kubwa zaidi, inayong'aa hadi kwenye karabureta. Kuna na yale ya urembo, yaliyopunguzwa paa na kushushwa mpaka tumbo linakaribia kugusa lami.

Asili ya mambo haya ni vijana wasio na pesa. Henry Ford alitengeneza magari ya Model T yapatayo milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kwa hiyo kufikia miaka ya 1930 yaliyochakaa yalipatikana kwa bei ya kutupa. Vijana wa kusini mwa California waliyanunua, wakayavua kila bati lisilo la lazima ili yawe mepesi, wakaenda kuyashindanisha jangwani, juu ya maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1932 Ford akatoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8, silinda nane, nguvu za farasi 65. Leo idadi hiyo ni ndogo, lakini wakati ule injini ya aina hiyo ilikuwa mali ya matajiri. Mpaka sasa gari la mwaka huo ndilo linalotafutwa kuliko yote, na mbele ya kila moja pale uwanjani palikuwa na watu wamechuchumaa.

Vita vya Pili vilipokwisha, wanajeshi walirudi na ujuzi wa mitambo na akiba kidogo, na idadi ya hotirodi ikapanda. Pakawa na mbio za barabarani, ajali, na magazeti yaliyowaita vijana hao wahuni. Hapo ndipo pananivutia zaidi. Januari 1948 Robert Petersen alianzisha jarida la Hot Rod, na mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wake, akaunda shirika la NHRA ili mashindano yatoke barabarani yahamie kwenye viwanja vyenye sheria na ukaguzi. Kijana aliyekuwa akikimbizwa na polisi akapewa uwanja, saa ya kupima mwendo na kanuni za usalama. Wapo polisi waliosaidia kuandaa mashindano hayo.

Kijana wangu alizipenda injini. Mimi nilinasa kwenye bodi. Kupunguza paa, kwa mfano, mtu anaweza kudhani ni kukata nguzo za madirisha na kurudisha paa chini. Lakini nguzo hizo zimeinama, kwa hiyo ukizifupisha, ncha zake hazikutani tena na paa. Inabidi paa lenyewe lipasuliwe na kuongezwa bati katikati, au nguzo zilazwe upya, na kila kioo kikatwe kwa kipimo kipya. Fundi akikosea kidogo tu, gari zima linaonekana kama limekunja uso. Zamani, kabla ya filla za kisasa, viungo vilizibwa kwa risasi: waliipasha moto mpaka ilainike, wakaisambaza kwa mwiko wa mbao, kisha wakaipiga tupa mpaka mkono usihisi mshono wowote.

Mzee mmoja mwenye Ford ya 1934, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani kabla hajastaafu, alinikaribisha nipapase sehemu aliyounganisha. "Usitazame, gusa," aliniambia. "Jicho linadanganywa na rangi." Sikuhisi kitu. Aliniambia kazi hiyo aliifanya wakati wa baridi. Barabara za huku humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula bati, kwa hiyo kuanzia Novemba magari haya hulala gereji na wenyewe hushinda nayo humo. Niliyapenda zaidi magari ya watu kama huyu kuliko yale yaliyojengwa na karakana kubwa kwa fedha nyingi. La kwake lilikuwa na vumbi, na nzi waliokufa kwenye taa. Alikuwa ameliendesha kutoka kwao.

Mbele ya gari lake, kama mbele ya mengi pale, palisimama kadi kubwa. Imeandikwa mwaka wa gari na injini, kisha majina: aliyenyoosha bodi, aliyepiga rangi, aliyeshona viti, aliyechora ile mistari myembamba kwa brashi. Fundi wa viti wa mzee huyu amekwisha kufariki. Jina lake bado linazunguka na gari.

Hata historia ya fani hii imehifadhi majina ya watu ambao nchi yenyewe haikuwatendea haki. Gari la urembo lenye sifa kuliko yote ni Mercury ya 1951 ya Bob Hirohata, kijana wa asili ya Kijapani, iliyofanyiwa kazi katika karakana ya ndugu wawili, George na Sam Barris. Hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya Wamarekani wa asili hiyo kufungiwa kambini wakati wa vita. Mwaka 2017 Mercury hiyo iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria.

Nasema hivi kwa sababu onyesho hili husherehekea miaka ya 1950, na mimi siwezi kuisherehekea yote. Kutoka uwanjani si mbali kufika pale palipokuwa na Rondo, mtaa wa Wamarekani weusi wa St. Paul. Kuanzia mwaka 1956 nyumba zake zilibomolewa kupisha barabara kuu ya I-94, ambayo nimeipita mwenyewe nikienda kutazama magari. Uzuri wa kazi ya mikono naupenda kwa moyo wote. Kumbukumbu ya enzi yenyewe naipokea pamoja na Rondo.

Sasa nije nyumbani. Nairobi, chesisi ya lori la Isuzu huingia karakana ikiwa uchi, na hutoka ikiwa matatu kamili: bati limekunjwa, limechomelewa, likapigwa msasa na rangi, likachorwa picha ambazo wageni hufunga safari kuja kuzipiga picha. Kazi hiyo ningeiweka pale kwenye nyasi za Minnesota bila wasiwasi wowote. Lakini ubavuni mwa matatu utasoma majina ya wanamuziki, wachezaji wa mpira na manabii, na ni nadra mno ukasoma jina la aliyekunja lile bati. Vijana wa matatu nao huitwa wahuni, na mazungumzo yetu juu yao huishia kwenye faini na misako.

Wenye matatu, nawaomba jambo ambalo gharama yake haizidi kopo dogo la rangi. Gari linapotoka karakana, andikeni karibu na mlango majina ya walioliunda: wa bodi, wa rangi, wa viti, wa michoro. Na wewe msomaji unayelichukua gari lako gereji wiki hii, muulize aliyelinyoosha anaitwa nani, kisha wape wengine jina lake.