Safari ya Titani, mwezi wa Zohali

Usiku mbingu ikiwa safi, pengine twaona nyota moja ya rangi ya manjano hafifu, isiyometameta kama wenzake. Ndiyo Zohali, sayari kubwa yenye pete, iitwayo Saturne katika masomo ya Kifaransa. Kwa macho matupu hatuzioni pete zake, wala hatuuoni mwezi wake mkubwa. Lakini Mholanzi mmoja, Christiaan Huygens, aliyejua kusugua vioo vya darubini kwa mikono yake, aliuona tarehe 25 Machi 1655. Hakujisumbua kuutafutia jina zuri. Aliuita kwa Kilatini Luna Saturni, yaani mwezi wa Zohali, basi. Siku hizi waitwa Titani. Upana wake ni kilometa 5,150, hata waipita sayari nzima ya Utaridi.

Twende huko, wasomaji wapendwa, kwa kufuata chombo Cassini, kilichorushwa kutoka Marekani mwezi wa Oktoba 1997. Kilisafiri karibu miaka saba. Siku ya Noeli ya mwaka 2004 kilikiachilia chombo kidogo kilichokibeba ubavuni, nacho kiliitwa Huygens kwa heshima ya mzee yule. Tarehe 14 Januari 2005 chombo hicho kikaingia katika hewa ya Titani, kikashuka kwa parashuti muda wa saa mbili na nusu hivi.

Msafiri ajaye kutazama pete angehuzunika, kwa maana ukungu mzito wa rangi ya machungwa wafunika mbingu yote mchana na usiku. Chini ya ukungu, lo! vilima, na mifereji meusi inayoungana mmoja na mwingine kama mito yetu ionekanavyo kutoka ndegeni. Chombo kikatua penye udongo laini, kama mchanga uliolowa, katikati ya mawe madogo ya mviringo, mfano wa yale ya mtoni.

Mtu angedhani amefika kwao. Wala sivyo! Baridi ya huko ni digrii 179 chini ya sufuri. Kwa baridi hiyo maji hayajui kutiririka. Yamekuwa mwamba wa nchi, na yale mawe ni barafu ngumu. Kinachonyesha na kujaza mito na maziwa ni metani, hewa ile ile iliyofichwa kwa wingi katika kina cha ziwa letu la Kivu. Kwetu ni hewa. Titani yageuka mvua. Na matone yake hayapigi kama ya kwetu, bali hushuka polepole, kwa kuwa uzito wa vitu ni mdogo: mtu wa kilo 70 angejiona kama wa kilo 10.

Mwanafunzi atauliza: Nchi iliyojaa metani namna hii, mbona haishiki moto? Haiwezi, kwa sababu hewa yake ni nitrojeni, kama sehemu kubwa ya hewa yetu, lakini oksijeni haina. Kiberiti hakingewaka, wala sisi hatungevuta pumzi.

Jambo moja latusikitisha. Amri ya kufungua mojawapo ya mashine mbili za kupokea habari ilisahauliwa, na nusu ya picha zikapotea. Safari ya miaka saba, na kosa dogo hivyo! Kwa bahati darubini kubwa za redio hapa duniani zilisikia sauti hafifu ya chombo, wataalamu wakaweza kupima pepo za Titani. Baada ya kutua, Cassini kilikisikia dakika 72 tu, kisha kikatoweka nyuma ya upeo.

Tangu siku ile hakuna kingine kilichotua huko. Wamarekani wanatengeneza kimoja chenye mapanga ya kuzunguka kama helikopta, kiitwacho Dragonfly. Wametazamia kukirusha mwaka 2028, nacho kifike mwaka 2034. Huygens kingali palepale kati ya mawe ya barafu, na hakuna mahali pa mbali zaidi ambapo kazi ya mikono ya watu imepata kutua.