Breki za Msimu wa Mvua

Nimezeekea katika ufundi wa baiskeli huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, na riziki yangu imetoka mlimani. Bugarama, huko juu mlimani, iko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, kando ya mji wetu, liko takriban mita 770. Katikati pana barabara ya kona tupu, zaidi ya kilomita 30, na vijana huiteremka wakiwa wamefunga mikungu ya ndizi hadi baiskeli yenyewe haionekani. Wakifika mjini salama, nami huwa nimepata kazi.

Aliyenifundisha hakunikabidhi spana kwanza. Alinifundisha kupitisha kucha ubavuni mwa rimu, pale raba za breki zinapobana. Ukucha ukizama, chuma kimeliwa. Nimewafundisha hivyo hivyo wote waliokuja kujifunza kwangu.

Kiangazi rimu huchakaa taratibu. Kuanzia Oktoba mambo hubadilika, kwa sababu mvua huteremsha udongo wa vilima hadi kwenye lami. Ndani ya udongo huo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha rimu. Zikinata kwenye raba, kila anapokamata breki mwendeshaji anaipiga msasa rimu yake mwenyewe. Ndiyo maana msimu wa mvua nilikuwa natoa raba, nazichokoa kwa msumari, naziosha, ndipo nazirudisha. Raba zilizochongwa kutoka tairi kuukuu za gari nilizikataa kama zina nyaya ndani, maana waya huchora mfereji kwenye rimu.

Tulipoanza, rimu nyingi zilikuwa za chuma kilichopakwa kromu. Zilidumu sana, lakini zikilowa zilikuwa hazishiki. Maji hutanda kati ya raba na kromu, gurudumu likaendelea kuzunguka. Vijana walikuwa wakikandamiza tairi kwa kandambili ili wasimame. Zilipoingia rimu za alumini, breki zikashika vizuri zaidi hata kwenye mvua. Ila alumini ni laini. Wateja wakawa wanafika na tope jeusi miguuni, na weusi ule ulikuwa rimu yenyewe inayosagika. Kinachomsimamisha mtu ndicho kinachoila rimu yake.

Nimewahi kupiga hesabu ya mteremko wa Bugarama. Mtu, baiskeli na ndizi vikiwa kilo 200 na kushuka mita 1,400, nguvu inayopaswa kumalizwa njiani inatosha kuchemsha lita 8 za maji baridi. Upepo na tairi huchukua sehemu yake. Iliyobaki hubebwa na vipande vinne vya raba na kuta mbili nyembamba za kila rimu.

Kuta hizo zina kazi ya pili: kuzuia tairi iliyojaa upepo isizipanue. Zikiwa nyembamba mno, hupasuka kwa urefu, tairi hutoka, na mara nyingi hutokea mtu anapokamata breki kwa nguvu. Kwa hiyo naweka rula ubavuni. Nikiona mwanga chini yake, napima unene, na ukiwa chini ya milimita 1, gurudumu hilo halirudi barabarani.

Hapo ndipo ufundi huwa mgumu. Kijana hana pesa ya rimu, mzigo unamngoja juu, naye ananisihi: “Mzee, niache niteremke mara moja tu, nikirudi nanunua.” Namjibu kwamba mara hiyo moja ndiyo ninayoiogopa, mwanangu. Kumkatalia tu hakumsaidii, kwani ataenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo naweka akiba ya rimu zilizotumika ambazo bado ni nzima. Namfungia moja, naisawazisha kwa spoku, na deni langu nalipokea ndizi zikishauzwa. Anayetaka kufungua kibanda cha baiskeli katika nchi ya milima, aweke akiba hiyo kabla ya kununua chochote cha kupendezesha kibanda.