Injini ya Baba Mkwe

Kama unadhani safari ya wanandoa lazima iwe Zanzibar, subiri nikusimulie ya kwetu. Sisi tulikwenda Nyaishozi, Karagwe, kukagua injini ya skrepa. Ndiyo, injini! Na mimi nilikwenda nimenuna.

Ugomvi ulikuwa pesa. Tulikuwa na akiba ya kuezeka nyumba yetu Dar es Salaam. Mume wangu akataka sehemu yake iende kwenye Land Rover ya baba yake, Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Baba mkwe aliinunua mnadani mwaka 1986 kwa pesa ya kahawa. Ilibeba magunia, maharusi, wagonjwa na majeneza ya kijiji kizima, mpaka siku injini iliponoki. Tangu hapo imelala chini ya mparachichi, na kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma.

Kutoka Bukoba unapita Kyaka, pale ambapo daraja la Mto Kagera lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Kisha vinakuja vilima vya Karagwe: migomba, kahawa, migomba tena. Huku chuma kina heshima yake. Mfalme Rumanyika, aliyewapokea wasafiri Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa na hazina ya vitu vya chuma, hata ng'ombe wadogo wa chuma. Nikamwambia mume wangu, "Kumbe huu ugonjwa wa vyuma ni wa kwenu toka zamani." Hakucheka.

Nyumbani tulipokelewa kwa kahawa ya kutafuna na sinia la ndizi. Asubuhi tukaenda kwa fundi, Tata akiwa mbele na fimbo yake.

Uwanja wa fundi ulikuwa kama makaburi ya magari. Mengine, alisema, yalikuja na mashirika ya misaada mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Karagwe na Ngara. Alikuwa na injini mbili za kutuonyesha.

Ya kwanza ilikuwa dizeli ya turbo, ile 200Tdi ya lita 2.5 iliyoanza kutoka mwaka 1989. Wenye Series wanaipenda kwa sababu inafunga kwenye gia boksi ya zamani bila vurugu kubwa, ina nguvu na hainywi sana. Fundi akaunga betri, ikawaka papo hapo. Macho ya mume wangu yaling'aa kama siku ya send-off yetu, nami nikaanza kulainika.

Ya pili ilikuwa petroli ya lita 2.25, sawa na ile iliyokufa, bado imo ndani ya mzoga wa Series nyingine. Imejaa vumbi na haikutaka kuwaka. Fundi akafungua kifuniko cha oili: hakuna utando mweupe kama maziwa, maana yake maji hayajaingia. Akatoa plagi zote, akaweka geji ya kompresheni, akazungusha kwa starta. Silinda ya kwanza 130, ya pili 128, ya tatu 132, ya nne 95.

"Imekwisha hiyo," mume wangu akasema.

"Subiri, kaka." Fundi akamimina kijiko cha oili kwenye silinda ya nne na kupima tena. Ingepanda, tatizo lingekuwa ringi za pistoni, na hapo ungefumua injini nzima. Haikupanda. "Basi ni valvu. Tunafungua silinda hedi tu, tunasaga valvu."

Mume wangu bado alikuwa anatazama dizeli. Ndipo mimi, niliyekuja nimenuna, nikauliza swali la kijinga: namba yake iko wapi? Injini ina namba, na namba hiyo imo kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini, TRA lazima wajue. Fundi akajikuna kichwa. Tukainama wote. Mahali pa namba palikuwa pamesagwa, panang'aa kama kijiko kipya.

Mwenzangu, injini iliyofutwa namba ni kama mchumba asiyetaka uwaone ndugu zake. Anaweza kuwa mzuri kweli, lakini kuna mtu mahali fulani anamtafuta.

Mume wangu akaanza kunong'ona kwamba huku kijijini nani atakagua. Tata akagonga fimbo chini. "Mwanangu, kwenye gari hili wamepanda watu wote wa hapa. Wakiniuliza injini hii ni ya nani, nijibu nini?"

Hakuna aliyemjibu. Tulilipia ile ya vumbi, baada ya kuhakikisha namba yake inalingana na kadi ya ule mzoga, na mwenye gari akatuandikia hati ya mauzo.

Usiku, mume wangu akaniambia polepole kwamba alikuwa na haraka kwa sababu baba anazeeka, na alitaka amwone akiendesha tena. Miezi yote ya kugombana hakuwahi kunieleza hilo. Na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nahesabu mabati tu.

Wiki tatu baadaye simu ikaita saa kumi na mbili asubuhi. Tata hakusalimia. Aliisogeza simu kwenye boneti, tukasikiliza injini inavyonguruma mpaka salio lake likaisha.

Mabati tutanunua mwakani.