Mto Katikati Yetu

Watu wakisikia nina bega la bandia, swali la kwanza ni: bodaboda? Hapana jamani. Nimezaliwa na sikoseli, kama watoto wanaokadiriwa kufika 11,000 wanaozaliwa nchini kila mwaka. Chembe za damu zikijikunja kama mundu huziba mishipa, na mfupa uliokosa damu hufa. Wengi huanza nyonga. Mimi lilianza bega la kulia, mpaka nikashindwa kushika bomba kwenye daladala ya Tegeta. Mwaka 2024 madaktari wakaondoa kichwa cha mfupa, wakaweka chuma na plastiki. (Mtu wa kwanza kuwekewa bega bandia alikuwa Paris, mwaka 1893; lilikuwa la platinamu na mpira, na baadaye likatolewa. Afadhali nilichelewa kuzaliwa!)

Kwa wiki sita mkono ulining'inia shingoni. Nisinyanyue kitu kizito kuliko kikombe cha chai, nisipeleke mkono nyuma. Sasa dada, hebu jaribu kufunga sidiria bila kupeleka mkono nyuma. Na kula je? Wa kulia umefungwa, wa kushoto kazi yake tunaijua. Basi mume wangu akawa ananilisha tonge kwa tonge, ananiogesha, ananifunga kanga. Mama mkwe alikuja kutoka Mbagala akamkuta mwanawe uani anafua nguo zangu. Hakusema neno. Alikaa siku mbili, akaondoka na kimya chake.

Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni mto. Usiku wa kwanza nilipotoka hospitali aliuweka katikati yetu, asije akanigonga usingizini. Wiki sita zikaisha, mto upo. Miezi mitatu, mtaalamu wa mazoezi ananipandisha vidole ukutani kama mjusi na kuniambia mkono usipotumika utakakamaa, mto upo! Nikishika ufagio nanyang'anywa: "Mama, kaa tu." Mwenzenu nikaanza kuwaza, huyu bado ananiona mke au mgonjwa?

Wanaume wetu hawasemi mpaka wabanwe. Nikambana. Kumbe tangu aone ile picha ya eksirei, kile chuma cheupe ndani ya nyama yangu, anaota usiku amelala juu yake kikavunjika. Alisema hivyo huku anaangalia pembeni. Kliniki iliyofuata nikaenda naye, akamuuliza daktari mwenyewe, hata lile swali ambalo mimi niliona aibu kuliuliza. Daktari akacheka, akamwonyesha upande wa kulalia.

Mwezi wa tano nikasonga ugali, yeye kashika sufuria. Ulikuwa na madonge, tukaula. Kusuka nywele mwenyewe bado, na mizigo mizito nimeshaambiwa niisahau. Mto uko sebuleni, kwenye kochi.

Juzi mama mkwe kapiga simu, katikati ya salamu akauliza siku hizi nani anafua. Nikamwambia tunapokezana, mama.